Mbavu za Moshi na Kuni za Mkahawa



Wengi wetu tunaijua nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile kitimoto inayoletwa mezani na ndizi na kachumbari kabla hujamaliza soda. Kuibanika kwa moshi kwa saa sita ni jambo lingine. Likizo ya Julai nilijaribu kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu, Mbinga. Ninaandika haya ili kuwaeleza wasomaji namna inavyofanyika, na pia kuwashirikisha mazungumzo ambayo nisingeyapata kama nyama ile ingeiva haraka.

Kubanika si jambo geni kwetu. Bibi zetu walikuwa na uchanja juu ya mafiga, na nyama au samaki walikaa hapo siku kadhaa wakikauka ili wasioze. Huko Marekani, katika miji kama Memphis na Kansas City, watu wamekuza ufundi unaokaribiana na huo, ila shabaha yao ni kulainisha kuliko kuhifadhi. Mbavu ni nyama ngumu, kwa sababu zimejaa utando na kano zinazoishikiza nyama kwenye mfupa. Ukizichoma kwa moto mkali, zinaungua nje na kubaki kama raba ndani. Zikikaa kwenye joto la chini, kiasi cha nyuzijoto 110 hadi 120, ule ugumu huyeyuka polepole ukawa rojorojo. Kazi hiyo haina njia ya mkato.

Nilinunua kilo tatu buchani, baada ya kuona muhuri wa mkaguzi, maana nguruwe asiyekaguliwa anaweza kuwa na tegu. Nikabandua utando mweupe wa upande wa ndani, kisha nikapaka chumvi, pilipili manga, tangawizi na kitunguu saumu. Jiko lilikuwa pipa ambalo fundi wa kuchomelea alilipasua katikati kwa urefu: nusu moja ya kuwekea moto, nusu ya kufunikia. Kwanza nililichoma tupu mpaka mabaki ya mafuta yakaisha. Mkaa ukakaa upande mmoja, nyama upande wa pili, na bakuli la maji katikati. Hivyo nyama hupata joto na moshi bila kuguswa na mwali.

Zikabaki kuni. Msonobari haufai, kwa kuwa utomvu wake hutoa moshi mchungu na masizi. Mpera unafaa. Lakini nyuma ya jiko la mama palikuwa na rundo la kuni za mkahawa zilizokauka vizuri. Mwaka jana baba alikata mistari miwili ya mikahawa iliyozeeka, akaacha visiki vichipue upya. Nilimwomba mama vipande vichache. Baba alisikia, akachukua kigoda chake, akaja kukaa karibu na pipa.

Hapa inabidi niwaeleze kidogo habari za nyumbani. Tuko wanne, na mimi ndiye mtoto wa kiume pekee. Tangu nilipoingia seminari kuu, baba hajawahi kunikataza, na hajawahi kusema kwamba amekubali. Kila ninachohitaji ananipa. Lakini huniita “Frateri”, hata tukiwa wawili tu. Mama ndiye anayeniita kwa jina.

Saa nzima ya kwanza hakusema neno. Kisha akanyoosha kidole kwenye moshi uliokuwa unatoka mzito na mweupe. “Hizo kuni hazipumui,” alisema. “Fungua hewa kidogo.” Nikainua kifuniko na kuegesha kijiti. Baada ya dakika chache moshi ukawa mwembamba, wa rangi ya buluu, na harufu yake ikawa tamu. Kumbe baba alikuwa anajua mambo ya moshi kuliko yote niliyokuwa nimesoma.

Ilipofika saa tano, nyama ilionekana kama imegoma. Jambo hili huwapata wote wanaobanika: maji yanayotoka kwenye nyama hukauka juu yake na kuipoza, kama jasho linavyotupoza sisi, na kwa muda mrefu joto la ndani halipandi. Anayeanza hushawishika kuongeza mkaa. Baba alinizuia kwa mkono. Tukakaa.

Ndipo akasema, akiwa anatazama zile kuni, “Huu mkahawa aliupanda babu yako. Mimi nilikuwa nachota maji.” Akanyamaza. “Masomo yako yamebaki miaka mingapi?”

Nikamhesabia: mwaka mmoja wa falsafa, mwaka wa uchungaji, minne ya teolojia. “Sita, baba.”

“Kisiki kile,” akasema, akielekeza kidevu shambani, “baada ya miaka miwili au mitatu kinanipa kahawa. Wewe sita.” Akacheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. “Upadre siuogopi, mwanangu. Naogopa kwamba utamaliza mimi sipo.”

Sikuwa na jibu. Darasani tumefundishwa kujibu hoja, na ile haikuwa hoja. Nikamwambia tu, “Baba, nami naogopa hilo.” Alitikisa kichwa taratibu, akasogeza kipande cha kuni kwa ncha ya fimbo, akasema, “Basi itabidi nijitunze.” Baada ya hapo tulizungumza habari za dada yangu wa pili, anayelijua shamba kuliko mimi, na kama anaweza kukabidhiwa ile mistari miwili. Hatukumaliza. Jambo la shamba haliishi kwa kikao kimoja.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika njia ya kwanza ya kuthibitisha kwamba Mungu yupo, anatumia mfano wa moto na ukuni. Ukuni una uwezo wa kuwa wa moto, lakini hauwezi kujipasha wenyewe, mpaka ufikiwe na kitu ambacho tayari kina moto. Darasani mfano huo unapita kwa dakika moja. Kando ya pipa niliona upande wake mwingine: kati ya uwezo na utimilifu kuna muda, na muda huo lazima mtu akae karibu na moto. Sisi tulio kwenye malezi tunajua ile saa ya tatu, ambapo hakuna kinachoonekana kubadilika na mtu anatamani kuongeza mkaa. Sikujua kwamba wazazi wetu nao wako kwenye saa hiyohiyo.

Mbavu ziliiva saa nane na nusu. Mifupa ilikuwa imechungulia kama sentimita moja, na nyama ilipasuka nilipoikunja kwa koleo. Mama alionja, akauliza ndizi ziko wapi, akala vipande vinne.

Frateri wenzangu, tunapokwenda likizo tunasaidia Misa za jumuiya, tunatembelea wagonjwa, tunafundisha watoto, na hayo yote ni mema. Tutafute pia kazi moja ya polepole ya kufanya na mzazi, iwe kubanika nyama, kuchambua maharage au kukata visiki. Mambo mengine hayasemeki katika nusu saa ya salamu.

Nanyi waumini mnaotuombea kila siku, msiache. Waombeeni na wazazi wetu. Sisi tunaihesabu miaka kwa mitihani. Wao wanaihesabu kwa afya zao.