Lugha ya Magwanda
Mwanafunzi wetu wa zamani, mwigizaji atafutaye kazi, alitujia hapa Ntinda, si mbali na kituo cha Ndere, akatuonyesha filamu ya dakika 2 ya kujitambulisha kwa watayarishaji. Ilianza naye amevaa magwanda, akifoka amri kwa Kiswahili. Tulisononeka. Tangu enzi ya Amin, 1971 hadi 1979, wengi hapa huisikia lugha hii kama sauti ya bunduki.

Tulimsihi atangulize onyesho jingine: mwana ambembelezaye mama mgonjwa kwa lugha iyo hiyo.

“Mwalimu, upole utanipatia kazi?” aliuliza.

Hatukuwa na jibu. Njaa ni yake, si yetu. Hata hivyo, alibadilisha. Nasi twangoja pamoja naye.