Paa la Watu Watatu

Nyumba kuukuu inapouzwa hupata sifa nyingi kwa siku chache kuliko zote ilizopata kwa wakazi wake maisha yao yote. Ufa huitwa historia. Ngazi yenye kiza huitwa siri. Mlango usiofungika huitwa kumbukumbu ya mafundi wa zamani. Hapana uwongo mtupu katika maneno hayo, wala hapana ukweli mzima. Uzee wa nyumba, kama uzee wa mtu, una heshima yake na una maradhi yake. Atakaye kuchukua heshima na kuyaacha maradhi hajui anunuacho.

Mwalimu mmoja wa makamo alilijua jambo hili katika Mji Mkongwe wa Unguja. Kwa miaka ishirini alikuwa akilipa kodi katika nyumba za watu, na kila mwezi akiweka akiba kidogo. Siku moja dalali alimpasha habari kuwa ghorofa ya juu ya nyumba moja ya Mkunazini inauzwa. Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, wakafuatana kwenda kuitazama.

Mkunazini ni mtaa usiolala mapema wala kuchelewa kuamka. Soko la Darajani li karibu, na kelele za wauza samaki na matunda huingia katika vichochoro kabla jua halijapanda. Baiskeli hupiga kengele kwenye pembe zisizoonana. Wauza kahawa hugonganisha vikombe. Watoto huenda chuoni na wageni hupotea njia. Adhana husikika huko, na kengele ya kanisa kuu la Kianglikana husikika pia, kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mtu akaaye mtaani humo hukaa katikati ya maisha ya wengi, waliopo na waliopita.

Dalali alikuwa fasaha. Aliusifu mlango wa nakshi, zidaka za ukutani, vioo vya rangi juu ya madirisha, na roshani ya mbao iliyoinamia njia. Aliusifu upepo wa ghorofa ya juu. "Mwalimu," alisema, "nyumba kama hizi hazijengwi tena." Maneno hayo yalikuwa kweli. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake ulizuia joto la mchana. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, na wembamba huo ulikuwa na sababu. Dari na sakafu za nyumba hizo hubebwa na boriti za mikoko, na boriti njema haizidi sana mita 3. Fundi wa kale hakuanza na upana wa chumba alioutaka; alianza na urefu wa mti alioupata, na kiasi cha mti kikawa kiasi cha maisha ya watu.

Mwenye ghorofa alikuwa bibi mjane, mwenye magoti yaliyochoka kwa ngazi. Alitaka kuhamia Ng'ambo, katika nyumba ya chini ya bintiye.

"Shikamoo, bibi," alisema mwalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Kisha akamgeukia dalali. "Wewe baba, nenda kaketi barazani unywe kahawa. Sifa nimezisikia tangu ngazini."

Dalali aliposhuka, bibi alimwongoza mgeni mpaka chumba cha mwisho, akafungua mlango ambao dalali hakuufungua. Katikati ya sakafu palikuwa na beseni la bati. Juu yake dari ilikuwa na doa jeusi, na vichwa vya boriti mbili, pale vilipoingia ukutani, vilikuwa laini kama mkate uliotiwa chai. Ukuta wa hapo ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, ukang'aa kuliko zote.

"Hapa panapendeza kuliko kwingine," alisema mwalimu.

"Ndipo palipooza kuliko kwingine," alijibu bibi.

Akaeleza kama alivyoelezwa na fundi. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji wakati wa masika, kisha huyatoa polepole jua liwakapo. Saruji huufunga mdomo. Maji yakishaingia kwa juu hayapati pa kutokea, yakakaa pamoja na chumvi, yakala vichwa vya boriti. Boriti ndizo zinazozishika kuta zisiachane. Zikioza, hata ukuta mnene hutoka tumbo na kuanguka. Saruji ile alikuwa ameipiga marehemu mumewe kwa nia njema, maana ilipatikana upesi, na chokaa ilitaka subira.

"Basi kwa nini paa halikutengenezwa?" aliuliza mwalimu.

Jibu la swali hilo lilikuwa refu kuliko nyumba. Zamani nyumba nzima ilikuwa na bwana mmoja, mwenye duka chini na aila yake juu. Paa likivuja, lilikuwa lake. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, wenye nyumba wengi waliondoka au walinyang'anywa, na majumba yakagawiwa watu waliokuwa na haja ya makao. Bibi na mumewe walipata ghorofa ya juu, na baadaye wakauziwa. Aila nyingine ikapata ya kati. Duka likapata mtu wake. Haki ikatendeka kwa kuwa wengi walipata pa kulala. Walakini mlango uligawiwa, vyumba viligawiwa, hata zamu ya kisima iligawiwa, paa halikugawiwa. Lilipokuwa la wote, kila mmoja alilitazama kama la mwenzake.

Wala msiba huu si wa nyumba ndogo tu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hali mafundi wamo kazini kuitengeneza, na watu wawili wakafa. Mji wote umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi imekuwapo tangu mwaka 1985. Lakini orodha haipandi juu ya paa masika yakikaribia. Mwenye kuishi chini yake ndiye apasaye kupanda.

Mwalimu aliduwaa. Akiba ya miaka ishirini ilikuwa mkononi mwake, na dari iliyooza ilikuwa kichwani pake. Angeweza kumshukuru bibi kwa ukweli wake akaenda zake. Angeweza pia kununua kwa bei ndogo, akaweka beseni kubwa zaidi. Hakufanya hili wala lile. Alishuka ngazi, akabisha hodi ghorofa ya kati.

Watu wa kati walimsikiliza kwa adabu, wakasema paa ni la walio juu. Mwenye duka alisema maji ya mvua hayajamfikia hata siku moja. Mwalimu akamwomba asogeze magunia ya mchele yaliyokuwa pembeni. Nyuma yake chokaa ilikuwa imevimba na kubanduka, na unyevu ulikuwa umeshuka katika ukuta ule ule, chini ya boriti zile zile. Mwenye duka aliugusa kwa kidole, akanyamaza kitambo. Mwisho akasema, "Kumbe nami nakaa chini ya paa."

Walikutana barazani jioni tatu. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 2010 juu ya umiliki wa sehemu za jengo ilikwisha kutambua kwamba mwenye ghorofa anashiriki na wenziwe katika paa, ngazi na kuta. Lakini kwao ilikuwa karatasi mpaka walipoketi pamoja. Wakapatana sehemu ya kila mmoja, wakakubaliana kuomba kibali na kutafuta fundi wa chokaa. Bibi akapunguza bei kwa kadiri ya sehemu yake, akasema hawezi kuondoka na deni la paa lililomfunika maisha yake yote.

Siku ya kukabidhiana, bibi alimpa mwalimu ufunguo, kisha akampa na lile beseni.

"Liweke mpaka fundi amalize," alisema. "Akimaliza, fulia nguo."

Dalali alipata ujira wake, na maneno yake hayakuwa ya uwongo: nyumba kama ile hazijengwi tena. Kwa sababu hiyo hasa haiwezekani kuimiliki peke yako. Wanunuzi wengi wa ghorofa kuukuu huuliza habari za mlango, roshani na upepo. Ingefaa waulize kwanza ni nani akaaye chini yao, na kama wataweza kuketi naye baraza moja kabla ya masika.