Kona Ndiyo Mifupa

Kuna mtihani wa kufunga mizigo usiohitaji kalamu. Unainua katoni iliyokwisha fungwa, unaitikisa karibu na sikio. Ikiongea, umefeli. Kitu kinachosogea ndani ya katoni mezani kitasogea pia ndani ya lori, kila tuta na kila shimo kutoka Nairobi hadi Kisumu, na kitafika kikiwa vipande.

Mtihani huo nilifunzwa mwaka jana, nilipopata kibarua cha siku nne katika godauni moja kando ya Mombasa Road. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, na kwa Kinairobi maana yake ni kwamba naandika chochote ambacho mtu atalipia: tangazo la sabuni, wasifu wa mwanasiasa, historia ya marehemu ya kusomwa mazishini. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokwama, kwa hivyo sichagui kazi. Hii ilikuwa rahisi kuieleza. Kampuni ilitaka kupima ujuzi wa wafungaji mizigo wake thelathini na wanne. Maswali yalikuwa ya Kiingereza. Mimi ningewasomea kwa Kiswahili wale watakaotaka, kisha niandike majibu yao kwa Kiingereza. Elfu moja mia tano kwa siku, na chakula cha mchana.

Kwangu ilikuwa kazi ya kuandika tu. Kwao ilikuwa mwaka mzima. Atakayepita angepewa kandarasi ya miezi kumi na miwili, na makato ya NSSF na SHA juu yake. Atakayeanguka angeendelea kusimama getini saa kumi na mbili asubuhi na wengine, akingoja kuitwa au kutoitwa. Alama za kupita zilikuwa 60. Maswali yalibeba 60, kazi ya mikono 40.

Rudia hesabu hiyo polepole. Mtu angeweza kupita bila kugusa katoni.

Sehemu ya mikono ndiyo niliyofurahia kuitazama. Kila mtu alipewa glasi kumi na mbili, karatasi, katoni bapa, selotepu, na dakika kumi. Nilikuwa nadhani kufunga mizigo ni nguvu tu na haraka. Kumbe kuna elimu. Selotepu haipiti katikati peke yake, bali inafunga na zile kingo mbili za pembeni, ukitazama kutoka juu unaona herufi H. Glasi hailazwi, inasimamishwa. Ile alama ya mwavuli kwenye katoni inasema mzigo usilowe, na mishale miwili inasema upande upi uwe juu. Ile ya glasi haihitaji mkalimani. Ndiyo maana alama hizo zinafanana kutoka Shanghai hadi Mombasa: mbebaji wa kila bandari asome bila kujua lugha ya aliyefunga.

Nililifikiria sana hilo. Dunia ya mizigo ilishakubali zamani kwamba mtu anaweza kuielewa kazi bila kujua Kiingereza. Mtihani wetu ulikuwa haujapata habari.

Siku ya pili akaja mama mmoja, umri wa mamangu hivi, miaka tisa kwenye meza ya vioo. Alifunga glasi zake kwa dakika sita. Mtahini akatikisa katoni. Kimya. Akaitikisa tena kana kwamba haamini. Kimya.

Kisha tukakaa kwa maswali. Swali la saba liliuliza kwa nini katoni nzito zinapangwa kona juu ya kona kwenye paleti, badala ya kupishanishwa kama matofali. Nikamsomea.

"Kijana wangu," akaniambia, "kona ndiyo mifupa ya katoni. Ukipanga mfupa juu ya mfupa, inasimama. Ukipishanisha, ile ya juu inakalia nyama, na nyama inabonyea."

Ni kweli kabisa. Nguvu ya katoni iko kwenye kona zake, na ukizihamisha hata kidogo inapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kubeba. Kupishanisha kunasaidia rundo lisiyumbe, lakini kunaiponda katoni ya chini. Alijua pia dawa: panga kona kwa kona, kisha zungusha nailoni kuanzia chini, ukiibana pamoja na paleti yenyewe. Hayo yote aliyasema bila kuulizwa.

Nikayaandika. Mtahini akasoma, akaangalia karatasi yake ya majibu, akatikisa kichwa. Karatasi ilitaka istilahi mbili za Kiingereza za nguvu ya mgandamizo. Hazikuwepo. Nikamwambia, boss, huyu amesema kitu kilekile, tena kwa ufasaha. Akanijibu bila hasira, "Najua. Lakini mimi nimepewa karatasi, sikuitunga."

Mama alipata 38 kati ya 40 kwa mikono, na 19 kati ya 60 kwa maswali. Jumla 57.

Jamaa mmoja wa rika langu, mwenye cheti cha mambo ya ugavi, alipata 54 kwa maswali na 17 kwa mikono. Katoni yake iliongea kama redio. Jumla 71. Simlaumu hata kidogo; alikuwa na wiki tatu tu pale, na yeye pia ana kodi ya nyumba. Msee aliyeniunganishia kazi hiyo aliniambia baadaye kwamba jamaa alipopewa kandarasi, aliwekwa meza ya vioo kando ya mama, ili amfundishe.

Lakini hata alama zikirekebishwa, kuna kitu kingine ambacho karatasi haikukiona. Kwenye mtihani, kila mtu aliinua mzigo inavyotakiwa: magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, katoni karibu na kifua. Wote wanajua. Saa nane wakarudi kwenye laini, penye idadi ya katoni za kumaliza kwa saa na meza zinazofika chini ya kiuno. Sikuona goti hata moja likikunjwa. Ukikunja goti kila mara, idadi haitimii, na idadi isipotimia kesho huitwi.

NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, ina hesabu yake ya mwaka 1991 ya kuinua mizigo. Inaanza na kilo 23 pale mambo yote yanapokuwa mazuri, kisha inapunguza: unapoinama, unapojipinda, unapofikia mbali, unaporudia mara nyingi. Ona kwamba hesabu hiyo haimuulizi mtu ana cheti gani. Inapima meza, umbali, na kasi. Nasi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi kwa mikono mzigo ambao uzito wake unaweza kumuumiza. Sheria inamtazama mwajiri. Mtihani ulimtazama mama.

Wala si kwamba nchi hii haijui kupima mikono. Fundi aliyejifunzia gereji, chini ya gari, anaweza kwenda NITA akafanya mtihani wa ufundi, kuanzia gredi ya 3 hadi ya 1, na kutoka na cheti bila kupitia chuo. Wazo ni lilelile: nionyeshe. Kupima mfungaji mizigo si vigumu. Msimamie kwenye zamu ya kweli, si kwenye dakika kumi za maonyesho. Tikisa alichofunga. Muulize kwa nini amefanya hivyo, kwa lugha anayoiotea ndoto. Kisha pima meza yake.

Siku ya nne, wakati wa chai, mama akaniuliza kama mimi huandika barua za kazi. Nikamwambia huwa naandika. Akasema hana cheti cha kuambatisha. Nikamwambia hata mimi sina.

Tuliiandika palepale, juu ya katoni iliyogeuzwa. Ni barua fupi. Inasema anaweza kufunga glasi kumi na mbili kwa dakika sita, anaweza kupanga paleti isiyoyumba, na amefundisha wengine ingawa hajawahi kuitwa mwalimu. Ile sentensi ya mifupa na nyama niliiacha kama alivyoisema.

Ameipeleka mahali pawili. Tunangoja.