Mayai Manne ya Bunda

Nilikuwa na elfu mbili kwenye mfuko wa shati. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolificha kila niliposimulia kisa hiki.

Basi letu lilitoka Musoma kwenda Mwanza. Lilipoingia stendi ya Bunda, madirisha yakazingirwa kama kawaida: karanga, maji, ndizi, mayai. Mimi mzaliwa wa Kabasa, kata ya Bunda hiyohiyo, kelele zile nimekua nazo. Mtoto mmoja, kwa kimo wa darasa la tano hivi, aliinua ndoo juu ya kichwa ili niione. Sweta la shule, mkono mmoja umefumuka.

"Shikamoo baba. Mayai, mia tano."

Nikataka manne. Akagonga la kwanza kwenye ukingo wa ndoo, akalizungusha kiganjani, gamba likabanduka lote kwa pamoja. Manne yote hivyo hivyo. Akayapasua, akatia chumvi na kachumbari, akanipa, akabaki amenyoosha mkono.

Nikamwonyesha noti ya elfu kumi.

"Chenji sina, baba."

"Tafuta."

Akageuka kumwita mwenzake. Dereva akapiga honi. Mkono wangu ulifika mfukoni, ukaigusa ile elfu mbili, ukatulia hapohapo. Basi likaondoka. Akakimbia nalo, ndoo ikimgonga paja, akipigapiga ubavu wa basi: "Baba! Baba, hela!" Nikafunga kioo. Vumbi, nilijiambia.

Mayai nikayala. Yalikuwa matamu.

Mwanza nilikisimulia kama kichekesho cha madereva wasio na subira. Na mimi ndiye yule anayekutajia vikaoni Sheria ya Mtoto ya 2009, kwamba hata kazi nyepesi ni kuanzia miaka 14, kisha nawasema wazazi: elimu bila ada hadi kidato cha nne ipo tangu Januari 2016, watoto stendi wanafuata nini?

Baada ya miezi miwili nilishuka Bunda, nina msiba Kabasa. Nikamtafuta. Nikawaeleza wenzake lile sweta.

"Huyo haji siku hizi."

Kwa nini? Mabega yakapandishwa. Nikauliza wao wanapata nini.

"Mia kwa yai. Mayai ya mama mmoja. Hesabu ikipungua, tunalipa wenyewe."

Nikapiga hesabu nimesimama juani. Kufidia manne yangu, ilibidi auze kumi na sita mengine asibaki na senti.

Nikampa mmoja wao elfu mbili. "Mpelekee mwenzako."

"Sawa baba," akajibu, haraka kidogo kuliko nilivyotaka, na noti ikapotelea mfukoni.

Sikuuliza mwenzake anaitwa nani, wala huyo mama anakaa wapi. Muda nilikuwa nao. Nikaita bodaboda ya Kabasa.