Tulifungwa, na bado nasema nilicheza sawa

Poleni kwa ukimya. Wiki mbili hizi zilikuwa za testi mfululizo, boom nalo lilishakata zamani, kwa hiyo hata hamu ya kuandika haikuwepo. Leo nimepata nafasi, na nimekuja na jambo la karata.

Najua wapo watakaoguna: "Mwalimu mtarajiwa, karata tena?" Subirini kwanza. Hakuna pesa mezani. Ni mchezo unaoitwa briji, tunaucheza watu wanane hapa hosteli, na wiki iliyopita karibu univunjie urafiki na ruumeti wangu. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, nimeona niliandike maana linatuhusu hata tusiocheza karata.

Kwa wasioujua, nieleze kwa ufupi. Mnakuwa wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mbele yako. Kila mtu anapewa karata 13. Ukijua albastini, neno turufu halikusumbui. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye briji kuna mnada kabla ya kucheza. Mnapandishiana dau mkiahidi mtakula raundi ngapi na turufu itakuwa nini. Ahadi huanzia juu ya raundi sita. Kwa hiyo ukisema "nne kopa" umeahidi raundi kumi kati ya kumi na tatu, kopa ikiwa turufu. Mkishinda mnada, mmoja wenu anacheza, mwenzake analaza karata zake mezani, wazi, anabaki mtazamaji. Hapo ndipo roho zinapoumia, maana unatazama mwenzako akiamua na huruhusiwi kufungua mdomo.

Briji ya namna hii ilianza mwaka 1925. Mmarekani mmoja tajiri, Harold Vanderbilt, alikuwa kwenye meli iitwayo Finland ikitoka Los Angeles kwenda Havana kupitia mfereji wa Panama, akawajaribishia wenzake kanuni mpya za kuhesabu. Kabla ya hapo ukila raundi za kutosha ulihesabiwa hata kama hukuziahidi. Yeye akasema hapana, zawadi kubwa apewe aliyeahidi kabla. Usipoahidi, hata ukila zote kumi na tatu, zawadi hiyo huipati. Na ukiahidi ukashindwa, unalipa. Mchezo ukaenea duniani, na hata kwetu Afrika umefika kwa kishindo: mashindano ya dunia ya timu yalifanyika Hammamet, Tunisia, mwaka 1997, na Marrakech, Morocco, mwaka 2023.

Sasa kisa chenyewe. Tulikuwa na mechi ya timu mbili, watu wanne kila timu. Utaratibu ni mzuri sana: karata zilezile zinachezwa kwenye meza mbili. Huku sisi tumeshika upande mmoja, kule wenzetu wa timu yetu wameshika upande wa pili. Kwa hiyo huwezi kulia kwamba umepewa mkono mbovu, maana mpinzani wako chumba cha pili kapewa mkono huohuo. Kinachopimwa ni uamuzi.

Nikashika mkono huu: shupaza mfalme, malkia na sita, kopa malkia, ghulamu, tisa, sita na tano, uru mfalme, malkia na nne, pau saba na tatu. Kuhesabu nguvu kuna njia rahisi aliyoieneza Mmarekani Charles Goren: ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Nilikuwa na 13. Nikafungua na moja kopa. Wapinzani kimya. Ruumeti akaruka mpaka tatu kopa, na kwa makubaliano yetu maana yake ni kwamba ana kopa nne na pointi 10 mpaka 12.

Uamuzi wa kwanza ukawa huo: nikae kwenye tatu au niende nne? Wanasema mkiwa na pointi 25 hivi kwa pamoja ndio mnaenda nne. Sisi tulikuwa kati ya 23 na 25. Hapo hesabu ikanisaidia. Mezani kwetu nne kopa ikifanikiwa ilikuwa na thamani ya 620. Ukikaa tatu ukala raundi kumi hizohizo unapata 170 tu. Tofauti ni 450, na kwenye jedwali la mechi hiyo ni pointi 10 za kuwapita wenzetu. Nikienda nne nikapungukiwa raundi moja, nalipa 100, na kama wa meza ya pili wamekaa tatu wakala tisa wanapata 140. Tofauti 240, yaani pointi 6 zimetutoka. Kwa hiyo naweka 6 kutafuta 10. Nikifanikiwa mara 6 tu katika kila 16 sijapata hasara. Hiyo ni asilimia 37.5, chini kabisa ya nusu. Nikasema nne kopa.

Pau ree ikaongozwa, halafu pau nyingine mfalme akala, ya tatu nikaikata kwa turufu. Ruumeti alikuwa amelaza shupaza ree, ghulamu na nne. Kopa ree, kumi, nane na mbili. Uru ghulamu, kumi na tatu. Na pau tatu ndogo. Nikahesabu: mbili za pau zimekwenda, uru ree itakwenda, hiyo ni lazima. Nikipoteza na kopa mfalme, nimekwisha. Kila kitu kikabaki kwa huyo mfalme.

Kati yetu tulikuwa na kopa tisa, wapinzani wana nne, mfalme akiwemo. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kumvizia: naongoza malkia kutoka mkononi, wa kushoto akiweka ndogo, mezani nako naweka ndogo. Kama mfalme yuko kushoto, kanaswa, na kwa karata tulizokuwa nazo hata angekuwa na kopa zote nne asingepona. Hiyo ni nusu kwa nusu, mara 50 katika 100. Njia ya pili ni kupiga ree palepale na kuomba mfalme awe peke yake, upande wowote, aanguke. Hiyo ni kama mara 12 tu katika 100.

Kuna wakati mnada unakunong'oneza. Mtu aliyepitisha mwanzoni kabisa bila kufungua, halafu akaonyesha pointi 11 wakati wa kucheza, huwezi kuamini ana mfalme mwingine tena, maana angefungua. Lakini mimi ndiye niliyefungua, wapinzani hawakusema lolote, na zile pau mbili zilitoka moja huku na moja kule. Hakuna kilichonipa sababu ya kuondoka kwenye nusu nikaifuate kumi na mbili. Nikaongoza malkia.

Kushoto ndogo. Mezani ndogo. Kulia: mfalme. Mfalme peke yake, hana hata kopa nyingine ya kumsindikiza. Jambo hilo, mfalme kuwa kulia na kuwa peke yake, hutokea kama mara 6 katika 100.

Tukapungukiwa raundi moja. Kule meza ya pili yule bwana naye alimvizia, naye akampoteza mfalme vilevile, ila alikuwa amekaa kwenye tatu, kwa hiyo kwake ikawa ushindi. Pointi 6 zikaenda kwao. Mechi tukafungwa kwa pointi 4. Fanyeni wenyewe hesabu.

Ruumeti alikuwa mkali sana. "Ticha, si ungepiga ree tu? Ree ilikuwa hapo mezani inakuangalia!" Nikamweleza nusu na kumi na mbili. Akaniambia hesabu zangu hazijatupa ushindi, na kwamba mechi ijayo anatafuta mwenza mwingine. Usiku chumba kizima kimya. Hata taa alizima bila kuniuliza kama nimemaliza kusoma.

Sikukasirika, na nawaambia kwa nini. Ruumeti yuko uhandisi. Mwaka jana alipiga msuli semista nzima, namshuhudia mimi niliyekuwa nalala nikimwacha mezani, akaangukia sapu kwenye somo moja. Jirani yetu mmoja alipitia desa la usiku mmoja, maswali yakamwangukia palepale aliposoma, akapeta. Toka siku ile ruumeti ana msemo wake: matokeo ndio kila kitu, mengine ni hadithi. Kwa hiyo alipokuwa ananifokea kuhusu ree, mimi nilimsikia anamfokea mtu mwingine kabisa.

Hapa ndipo ualimu unaponiingia. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha pili, tukawa tunarahisisha sehemu. Mwanafunzi mmoja akapewa 16 juu ya 64. Akakata 6 ya juu na 6 ya chini, ikabaki 1 juu ya 4. Jibu ni sahihi! Robo ni robo. Mwalimu mmoja niliyekuwa naye ofisini akaniambia weka vema, jibu si limetoka? Nikamwita yule kijana nikampa 12 juu ya 24, nikamwambia fanya kwa njia yako. Akakata 2 na 2, akapata robo, wakati hata kwa macho unaona kwamba ni nusu. Alicheka mwenyewe. Jibu la kwanza lilikuwa bahati, na bahati hiyo ingempeleka mpaka kwenye mtihani wa taifa akiamini ana njia.

Na upande wa pili upo. Kuna mtoto anafanya hatua zote kwa usahihi, mwishoni linatokea jambo lisilo mikononi mwake, anarudi na sifuri. Ukimwambia tu "umekosa", kesho ataacha njia nzuri na kuanza kukata 6 kwa 6.

Basi, ruumeti nikamfundisha kama darasa, kwa vitendo. Jumapili jioni nilitoa karata zetu 26 za siku ile nikaziweka pembeni. Zile 26 za wapinzani nikampa azichanganye mwenyewe, azigawe mafungu mawili, kushoto na kulia, halafu aandike mfalme wa kopa yuko wapi na yuko na nani. Mara ishirini. Mwanzoni alikuwa anafanya kwa dharau, kama mtu anayemridhisha mtoto. Ilipofika mara ya kumi akaanza kuangalia kabla hajamaliza kugawa. Mpaka mwisho mfalme alikuwa kushoto karibu nusu ya mara zote. Kulia, tena peke yake, alitokea mara moja tu.

Akakaa kimya, halafu akasema: "Sawa kaka. Lakini bado imeniuma."

Nikamwambia hilo silikatai, hata mimi iliniuma. Kuumia sio ushahidi kwamba mtu kakosea. Ni vitu viwili, na shida yetu ni kuvichanganya. Mtu akishaziona karata zote nne zimefunuliwa, kila mmoja ni bingwa. Swali la haki ni hili: wakati ule, kwa ulichokuwa unakiona, ulikuwa na sababu gani? Kama sababu ilikuwepo na ilikuwa nzuri, usiitupe kwa ajili ya mfalme mmoja. Kama haikuwepo, usijisifu hata ukishinda.

Na ili mtu asije kulifanya jambo hili kichaka cha kujifichia, tumekubaliana utaratibu. Yule anayecheza, akifika kwenye uamuzi mgumu, mechi ikiisha aseme sababu yake kabla hatujaangalia alama za meza ya pili. Mwenzake anaweza kuipinga sababu. Alama hapingi, maana alama hazina masikio.

Kuhusu ile sapu hatukuongea. Alirudisha karata kwenye boksi, akachukua daftari lake la somo lilelile akaenda nalo maktaba, na mimi sikuuliza kitu.

Jumamosi tuna mechi ya marudiano, na mwenza wangu ni yuleyule. Mkono ule ukirudi, nitasema nne kopa na nitaongoza malkia. Mtuombee tu mfalme awe kushoto.

Niwaache hapa wadau, kesho nina seminari saa moja asubuhi na sijaligusa desa. Wiki njema.