Namba moja, vitanda viwili (stori ya TP, Nduguti)

Najua nimepotea kitambo, mtanisamehe. TP imeisha, tumerudi chuo, na haya naandika nikiwa kimbwetani nikisubiri zamu yangu ya kuchaji. Stori za Nduguti ninazo nyingi, ila naanza na ambayo sijamsimulia hata rumeti wangu, maana inanihusu vibaya.

Kwa wasiopajua, Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, wilaya iliyokatwa kutoka Iramba mwaka 2012. Shule niliyopangiwa (jina kapuni) ilikuwa na kompyuta nne na printa moja, zote zimeunganishwa kwa nyaya kwenye kiswichi kimoja. Intaneti hakuna. Kila mashine ilipewa anwani yake ya IP kwa mkono, na aliyeziweka alishahama siku nyingi. Mi nikachomeka laptopu yangu ya boom, nikajipa namba ya kubahatisha: 192.168.1.20. Ikakubali. Nikajiona fundi!

Kuanzia hapo printa ikaanza vituko. Mchana inagoma, jioni inachapa. Na mitihani ya kidato cha nne ilikuwa inasubiri. Lawama zikamwangukia kijana mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa akimsaidia sekretari kubeba karatasi. Akaambiwa amechezea nyaya, asikanyage ofisini, na aje na mzazi.

Jumanne jioni sekretari akanitania, "Mwalimu mwanangu, mbona ukiondoka na kompyuta yako ndio mashine inapona? Una nini wewe?" Walimu wakacheka. Mi nikacheka kwa mdomo tu. Walipotoka nikachomoa waya wangu, nikaiamuru printa ichape ukurasa wa mipangilio yake. Hiyo hapo: 192.168.1.20.

Sasa tuelewane. Anwani ya IP ya kawaida ni namba nne zenye nukta katikati, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Fikiria shule ya bweni. Pale kwetu zile tatu za mwanzo (192.168.1) zilikuwa jina la bweni, ya mwisho namba ya kitanda. Kinachoonyesha jina la bweni linaishia wapi ni ile 255.255.255.0 unayoijaza chini yake. Kitanda 0 hakilaliwi, ni jina la bweni lenyewe. 255 ni kengele ya paredi, ikigongwa wote wanasikia. Vinabaki 254. Mi nilikuwa nafika asubuhi kabla printa haijawashwa, nalala kitandani kwake. Ikiwashwa tunakuwa wawili kwenye namba moja, barua za printa zinaletwa kwangu.

Mtauliza, mbona hiyo 192.168.1.20 ipo hata kwenye mtandao wa hapa chuo? Ndio, kama kitanda namba 20 kilivyo kwenye kila bweni Tanzania. Namba zinazoanza na 10, au 192.168, au 172.16 mpaka 172.31, ni za ndani tu. Zikitaka kutoka kwenye intaneti zinatumia anwani moja ya nje, kama shule nzima inavyotumia S.L.P. moja, halafu ruta, kama karani, inajua barua hii ni ya nani. Ilibidi iwe hivyo. Mfumo huu uliochapishwa mwaka 1981 una anwani takribani bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Afrika mgawaji wetu ni AFRINIC, yuko Mauritius. Ndio maana kuna IPv6, yenye biti 128 badala ya 32. Hiyo haiishi leo wala kesho.

Turudi Nduguti. Jumatano supavaiza wangu alikuwa anakuja kunikagua. Unadhani nilisema? Nilibadili namba kimyakimya, nikajiwekea 50, printa ikapona, nikasema yameisha.

Nje ya ofisi nikamkuta yule kijana na mama yake. Nikamwamkia, shikamoo mama. "Marahaba mwalimu. Hiyo mashine ni shilingi ngapi? Tuna mbuzi wawili, tutauza tulipe."

Wadau, miguu iliniisha nguvu. Nikaingia kwa Mkuu, supavaiza kakaa palepale na daftari lake, nikasema yote. Mkuu akaniangalia, akauliza kitu kimoja: "Sasa kijana, jana ulikuwa unajua?" Nikasema ndio. Akatoka mwenyewe kwenda kumwomba radhi yule mama, na mi nikamfuata nyuma.

Maksi zangu msiniulize. Ijumaa niliwafundisha kidato cha tatu somo la anwani, tukaandika namba za mashine zote kwenye daftari tukalitundika ukutani. Yule kijana ndiye aliyeandika. Hajanichangamkia mpaka naondoka, na simlaumu.

Kwa hiyo ukienda kwenye mtandao wa watu, uliza kwanza kitanda kipi kiko wazi. Na ukikosea, usisubiri mtu auze mbuzi.

Chaji imefika. Wiki ijayo nawaletea ya nauli ya kurudi. Tuko pamoja!