Reli Iliyojengwa kwa Ajili ya Karanga

Akina mama tunaposafiri kwa basi kutoka Mtwara kwenda Masasi au Nachingwea, tunaona mikorosho pande zote. Wachache wetu tunajua kwamba zamani safari hii ilifanywa kwa garimoshi.

Chanzo cha reli hiyo kilikuwa jikoni, tena jiko la mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula, hata yakagawiwa kwa kipimo. Mwaka 1947 serikali yao ikaanza kulima karanga Tanganyika, kule Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ili karanga zifike baharini, reli ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949.

Karanga zenyewe zilipatikana chache tu. Kazi ilianzishwa kwa haraka, bila majaribio ya kutosha. Visiki viliharibu mitambo, mvua haikutosha, na udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Hata hivyo, ujenzi uliendelea. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 tawi la reli likafika Masasi. Lakini mzigo ulikuwa haba, na reli haikuungana na Reli ya Kati ili ipate mizigo ya kwingine. Mwaka 1962 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa.

Wenyeji wakabaki na barabara za udongo. Sisi wauguzi tunajua maana yake wakati wa masika: mama mwenye uchungu pingamizi hawezi kungoja tope likauke.

La kushangaza ni kwamba akina mama wa Masasi na Nachingwea wanalima karanga kwa jembe la mkono, na wanavuna. Nayo bandari imebaki. Msimu wa korosho malori hufuatana kwenda huko.

Kwa miaka mingi sasa umezungumzwa mpango wa reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Tuuombee heri, lakini tuulize mapema: mbali na shehena ya wakubwa, je, itasimama mahali ambapo mama mwenye gunia moja, au mwenye mgonjwa, ataweza kupanda?